UCHAMBUZI: Mitishamba na utando mweupe mdomoni, dawa isigeuke pazia la kuficha ugonjwa

WAHENGA walinena kuwa mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hiyo inawaafiki Wakenya wengi ambao huamka asubuhi, wakatazama ulimi kwenye kioo na kuona utando mweupe mithili ya maziwa yaliyoganda, kisha badala ya kwenda kliniki wakaelekea sokoni kutafuta majani, gome au mzizi wa kusukutulia.

Si ajabu wakafanya hivyo. Muuzaji wa mitishamba yu karibu, haulizi maswali mengi na hamwekei mteja foleni ya nusu siku. Zaidi ya hayo, hamtolei damu wala kumwandika jina kwenye daftari.

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya kigeni na kliniki nyingi za HIV humu nchini zikatatizika, suala la iwapo mimea yetu inaweza kuziba pengo la dawa za hospitalini limeacha kuwa la wasomi pekee. Ni suala la mama mwenye mtoto mgonjwa na la mzee mwenye kisukari.

Ukweli ni kwamba mimea kadhaa ya Afrika Mashariki ina uwezo wa kuua kuvu inayosababisha utando huo. Hata hivyo, kati ya uwezo huo na tiba ya kutegemewa kuna safari ndefu ambayo serikali zetu hazijagharamia ipasavyo. Aidha, kuna hatari ambayo haizungumzwi sana: dawa inayoondoa utando inaweza pia kuondoa ishara pekee ambayo ingemfikisha mgonjwa kwa daktari mapema.

Ugonjwa wenyewe

Utando huo husababishwa na kuvu, au fangasi kama wengi wanavyoiita, za jamii ya Candida. Iliyo maarufu zaidi ni Candida albicans. Kuvu hii si mgeni mwilini. Huishi kinywani na tumboni mwa watu wengi wenye afya njema bila kuwadhuru, kwa kuwa mate, kinga ya mwili na bakteria wasio na madhara huizuia kuzaana kupita kiasi.

Matatizo huanza ulinzi huo unapolegea. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata watoto wachanga ambao kinga yao haijakomaa na wazee wanaolala na meno bandia mdomoni. Huwapata pia wagonjwa wa kisukari, wanaotibiwa saratani, waliotumia antibiotiki kwa muda mrefu, na wenye pumu wanaovuta dawa za steroidi bila kusukutua baadaye.

Kundi linaloathirika zaidi ni la watu wanaoishi na virusi vya HIV ambao kinga yao imeshuka. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuweka utando usiokwisha mdomoni katika hatua ya tatu kati ya hatua nne za maradhi yanayotokana na HIV. Kuvu ikishuka hadi kwenye umio, mgonjwa akawa anaumia anapomeza, huhesabiwa kuwa amefika hatua ya nne.

Kwa maneno mengine, utando mweupe kwa mtu mzima ambaye hana sababu nyingine inayojulikana ni mjumbe. Huja na habari kwamba kuna jambo limeharibika kwingineko mwilini.

Dawa za hospitalini zinazotumika sana ni nistatini, klotrimazoli na flukonazoli, pamoja na ile ya rangi ya zambarau ambayo wauguzi huiita GV. Lakini ghala la madaktari dhidi ya kuvu ni dogo mno. WHO inasema kuna makundi manne tu ya dawa za kupambana na kuvu zilizoingia mwilini. Sababu ni kwamba chembe za kuvu zimeumbwa kwa namna inayokaribiana na za binadamu, hivyo si rahisi kupata sumu inayoua moja bila kumdhuru mwingine.

Mnamo Oktoba 2022, WHO ilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu 19 zinazohitaji kupewa kipaumbele katika utafiti. Candida albicans iliwekwa katika kundi la hatari zaidi, sambamba na Candida auris ambayo husumbua mahospitali kwa kuwa sugu kwa dawa na ambayo imekwisha kuonekana Nairobi. Wanasayansi wanapotupia macho mimea, kwa hivyo, hawafanyi hivyo kwa kupenda mambo ya kale. Wanatafuta silaha mpya.

Yaliyogunduliwa maabarani

Mfano wa karibu ni wa majirani zetu Tanzania. Kuanzia miaka ya 1990, madaktari na waganga wa kienyeji wa mkoa wa Tanga walishirikiana kupitia kikundi kilichojulikana kama Tanga AIDS Working Group (TAWG) kuwahudumia wagonjwa wa Ukimwi kwa mitishamba, wakati ambapo dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwa zikipatikana na mwananchi wa kawaida. Miongoni mwa matatizo ambayo dawa hizo zilisemekana kuyatuliza ni huo utando wa mdomoni.

Mnamo 2006, watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mimea ambayo waganga waliitaja kuwa dawa ya maradhi ya Candida. Kati ya aina 56 za mimea iliyopimwa, 27 ilionyesha uwezo wa kuizuia kuvu hiyo kumea. Iliyotia fora ni magome ya mizizi ya mjunju (Balanites aegyptiaca) na ya mti uitwao kitaalamu Albizia anthelmintica. Miti yote miwili humea pia katika maeneo makavu ya Kenya.

Hapa kwetu kuna mti unaojulikana kwa Wakikuyu kama muthiga na kwa Wamaasai kama osokonoi (Warburgia ugandensis). Gome lake, lenye ukali kama wa pilipili, limetafunwa tangu jadi kutuliza kikohozi na maumivu ya jino. Wanakemia walibaini miongo mingi iliyopita kuwa lina kemikali iitwayo poligodiali, ambayo huishambulia Candida albicans kwa ukali usio wa kawaida.

Orodha haikomei hapo. Karafuu za Unguja na Pemba zina yujenoli, mafuta ambayo hutoboa ngozi ya chembe ya kuvu. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa alisini. Mti wa mswaki (Salvadora persica), ambao vijiti vyake husafisha meno ya wakazi wa Pwani na Kaskazini Mashariki, una kemikali zinazopunguza viini vya kinywani, na WHO yenyewe ilihimiza matumizi ya vijiti hivyo katika miaka ya 1980.

Mwarobaini nao, ambao jina lake linatokana na imani kwamba hutibu maradhi 40, umeonyesha dalili za kuzuia kuvu katika majaribio ya maabara.

Sahani ya maabara si kinywa

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakisikia kwamba mmea fulani "umethibitishwa na wanasayansi", hudhani kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba kuua kuvu kwenye sahani ya maabara ni hatua ya kwanza tu. Hata dawa ya kung'arisha nguo nyeupe huiua kuvu kwenye sahani, lakini hakuna anayeweza kumshauri mtu kusukutua kwayo.

Tatizo la kwanza ni namna ya kukamua. Watafiti wa Muhimbili walitumia methanoli, aina ya spiriti ambayo ni sumu kwa binadamu, kuvuta kemikali kutoka kwa mimea, kisha wakaikausha kabla ya kupima. Nyanya kule kijijini hutumia maji na moto. Kemikali nyingine haziyeyuki majini na nyingine huharibika zikichemshwa, kwa hivyo kilichomo sufuriani huenda kisifanane kabisa na kilichopimwa.

Historia ya dawa ya malaria inatoa funzo hilo hilo. Mwanasayansi Tu Youyou wa Uchina hakufaulu kupata nguvu ya mmea wa artemisia hadi alipoacha njia ya joto kali na kutumia kimiminika cha etha kwenye joto la chini. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mmea ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni njia.

Tatizo la pili ni kinywa chenyewe. Mate huosha dawa kwa dakika chache. Isitoshe, kuvu hujijengea utando mzito unaonata kwenye ulimi na hasa kwenye meno bandia, na chembe zilizo ndani yake hustahimili dawa ambazo zingeziua zikiwa peke yake.

La tatu ni kipimo. Nguvu ya gome hutegemea umri wa mti, msimu, udongo na muda ambao limekaa ghalani. Kijiko kimoja cha leo huenda kikawa na nguvu maradufu ya cha juzi. Mgonjwa hawezi kujua, na muuzaji hawezi kujua.

Jaribio la Moretele

Je, kuna mmea uliovuka daraja hilo na kujaribiwa kwa wagonjwa? Upo, na hadithi yake inafaa kusikika Kenya.

Katika kituo cha Moretele, Afrika Kusini, kinachowatunza wagonjwa walio katika hali mbaya, wahudumu walikuwa wakitumia maji ya limau au chai ya mchaichai kutibu utando wa mdomoni, kwa sababu fedha za kununua dawa zilikuwa haba. Mchaichai wenyewe ulipandwa na kukaushwa papo hapo kituoni.

Dawa ya kawaida ya serikali ilikuwa GV. Lakini wagonjwa wengi hawakuipenda, si kwa kuwa haikufanya kazi, bali kwa kuwa iliacha madoa ya zambarau mdomoni. Yeyote aliyeonekana na midomo hiyo alinyoshewa kidole kuwa ana HIV. Dawa iligeuka kuwa tangazo.

Watafiti waliamua kulipima jambo hilo kisayansi na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Wagonjwa 90 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: la GV, la maji ya limau na la mchaichai. Walifuatiliwa kwa siku 11, na 83 kati yao wakafika mwisho.

Miongoni mwa waliokamilisha matibabu, limau na mchaichai vilifanya vyema kuliko GV. Hata hivyo, wagonjwa wote 90 walipojumuishwa kwenye hesabu, wakiwemo waliokatiza, tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kwamba haikutokea kwa bahati tu.

Msomaji makini ataona mambo mawili. Kwanza, tiba iliyoanzia jikoni inaweza kupimwa kwa haki, bila gharama za kutisha, ikasimama bega kwa bega na dawa ya hospitali. Pili, jaribio moja la watu 90 halitoshi kubadilisha mwongozo wa matibabu wa nchi. Linahitaji kufuatwa na jingine kubwa zaidi, jambo ambalo mataifa yetu hayana mazoea ya kuligharamia.

Hapana budi kuongeza kwamba limau lina asidi inayomomonyoa meno likitumiwa kwa muda mrefu. Wala GV yenyewe haina usafi wa malaika: mnamo 2019, wizara ya afya ya Kanada iliwaonya raia wake kuhusu uwezekano wa dawa hiyo kusababisha saratani.

Cha asili si lazima kiwe salama

Kuna dhana kwamba kitu kikitoka shambani hakiwezi kudhuru. Dhana hiyo imewagharimu watu maisha. Kumewahi kuripotiwa visa vya watoto wachanga waliougua vibaya, wengine wakafa, baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini.

Kitunguu saumu kibichi huunguza ngozi laini ya kinywa cha mtoto. Asali, ambayo baadhi ya wazazi huipaka kwenye ulimi wenye utando, haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja kwa sababu inaweza kubeba viini vinavyoleta ugonjwa wa kupooza.

Aidha, mitishamba inaweza kupigana na dawa za hospitali. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mapema miaka ya 2000 ulionyesha kuwa tembe za kitunguu saumu zilipunguza kwa takriban nusu kiwango cha sakwinaviri, dawa ya HIV, katika damu. Dawa hiyo haitumiki sana siku hizi, lakini funzo lingalipo: mgonjwa anayekunywa vyote viwili bila kumwambia daktari anaweza kuidhoofisha tiba inayomweka hai.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, haimo ndani ya mmea. Imo katika muda unaopotea. Mtu akisukutua kwa gome la muthiga na utando ukatoweka kwa wiki tatu, atajiona amepona. Virusi au sukari iliyouleta utando huo itaendelea kufanya kazi yake kimyakimya. Utando utakaporudi, huenda kinga ikawa imeporomoka na kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo ikawa imeingia.

Tusisahau yaliyotokea Loliondo mwaka 2011. Maelfu ya watu, wakiwemo Wakenya waliovuka mpaka, walipanga foleni katika kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa Sh500 za Tanzania kutoka kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Iliripotiwa kuwa baadhi ya waliokunywa waliacha dawa zao za HIV wakiamini wamepona. Mizizi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika ahadi iliyoambatanishwa nayo.

Sheria ipo, kazi haipo

Kenya haiwezi kudai haina msingi wa kisheria. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kulinda maarifa ya kienyeji kuhusu viumbe na mimea. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ilipitishwa mwaka 2016. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inatambua tiba za kienyeji na kuitaka serikali kuweka sera za kuziongoza.

Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu (KEMRI) ina kituo mahsusi cha utafiti wa dawa za kienyeji, nayo Bodi ya Dawa na Sumu ina utaratibu wa kusajili bidhaa za mitishamba. Kinachokosekana ni fedha na msukumo. Sheria ya Sayansi ya 2013 iliweka lengo la kutenga asilimia mbili ya pato la taifa kwa utafiti, lengo ambalo halijawahi kufikiwa.

Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu hupima mimea ile ile kwenye sahani mwaka baada ya mwaka, wakaandika tasnifu, nazo zikawekwa maktabani. Hakuna anayeichukua hatua ya pili ya kupima usalama, wala ya tatu ya kuijaribu kwa wagonjwa.

Wakati huo huo, soko halisubiri. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na muuzaji anayesikia mmea wake umesifiwa huongeza bei, akachanganya poda na kuweka jina la kuvutia kwenye chupa. Miti nayo huumia. Muthiga ukichunwa gome kuuzunguka, hunyauka ukafa, na mahitaji yakipanda bila mpango wa kupanda mingine, tutabaki na jina lake tu.

Kuna mfano wa zamani unaoonyesha jinsi jambo kama hili linavyoweza kufanywa. Nistatini, dawa ambayo hadi leo hudondoshewa watoto wetu mdomoni, ilitokana na kiini kilichopatikana katika udongo wa shamba moja jimboni Virginia, Marekani. Wanasayansi wawili wanawake, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, waliitangaza mwaka 1950 na kuipa jina kutokana na jimbo la New York walikofanyia kazi. Mapato yao ya hakimiliki, zaidi ya dola milioni 13, waliyaelekeza kugharamia utafiti zaidi.

Waliyofanya hayakuwa miujiza. Walichukua kitu cha asili, wakakitenga, wakakipima, wakahakikisha kipimo ni kile kile katika kila chupa, na faida ikarudi kwenye kazi. Hapa kwetu, faida hiyo pia ingepaswa kumfikia mganga aliyeonyesha mti na jamii iliyoutunza msitu.

Mgonjwa afanye nini leo?

Wakati tukisubiri serikali iamke, mwananchi ana la kufanya. Mtu mzima aonaye utando mweupe usiokwanguka kwa urahisi, au unaoacha wekundu ukikwanguliwa, aende akapimwe HIV na kisukari, hata kama ana dawa ya mitishamba mkononi. Anayeumia akimeza asingoje hata siku moja.

Mwenye pumu asukutue kwa maji kila baada ya kuvuta dawa. Mwenye meno bandia ayatoe usiku na kuyasafisha vyema. Mtoto mchanga asipakwe chochote mdomoni bila ushauri wa muuguzi. Na anayetumia mitishamba pamoja na dawa za hospitali amwambie daktari bila woga.

Madaktari nao wana wajibu. Mgonjwa akitaja majani ya nyanya yake na kukemewa, safari ijayo hatayataja, na pengine hatarudi kabisa. Tanga ilionyesha kuwa mganga na daktari wanaweza kukaa meza moja; mganga akitambua dalili, akampeleka mgonjwa kupimwa, na daktari akaheshimu alichojua mganga.

Serikali, kupitia Wizara ya Afya na KEMRI, haina haja ya kuanza na mimea mia moja. Ichague mitatu au minne ambayo ushahidi wake wa maabara tayari ni mzito, itenge fedha za kuijaribu kwa wagonjwa walio chini ya uangalizi wa kliniki, na itangaze matokeo yoyote yatakayopatikana, yawe mazuri au mabaya. Mchaichai unamea nyuma ya nyumba nyingi nchini. Jaribio la Moretele lingeweza kurudiwa Kisumu, Mombasa au Garissa.

Hadi hilo litakapofanyika, gome na majani vitaendelea kutumiwa kwa kubahatisha. Na mjumbe mweupe aliye ulimini ataendelea kufutwa kabla ya kusikilizwa alichokuja kusema.